Molekuli za kuiga majani ya mti zina faida gani wakati sola zipo?

Redoksi_Inanitesa
Wakuu habari za humu. Niko mwaka wa pili kemia, lekchara katugusia juu juu kwamba kuna watu wanaunda molekuli zifanye usanisinuru kama majani, zinywe mwanga wa jua zitoe nishati. Sasa mbona paneli ya kawaida kabisa inavuna kama asilimia 20 ya mwanga na mazao shambani kwa mwaka mzima hata asilimia 2 ni shida? Si ndo tunakopi kwa mwanafunzi aliyefeli? Mwenye uelewa anishushie nondo, taratibu lakini.

MamaMaabara
Mdogo wangu, paneli inakupa umeme, jani linakupa mafuta, yaani kitu cha kuchoma muda wowote ukitaka. Umeme usipoutumia muda huohuo lazima uutafutie betri, na kwa betri za sasa ndege kubwa ya abiria huirushi kutoka Dar hadi Dubai. Jani linachukua maji na hewa ya ukaa linafungia jua kwenye sukari, unaweka ghalani miezi. Hata petroli na makaa ya mawe ni jua la zamani tu. Na wala si wazo la juzi, Mwitaliano Giacomo Ciamician aliandika 1912 kwamba iko siku nchi kame zitajaa viwanda visivyo na moshi, mabomba ya kioo yakifanya kazi ambayo mimea iliificha kama siri yake.

Elektroni_Huru
Naongezea kwa dada hapo juu. Kunywa mwanga sio ishu kabisa, hata rangi ya nguo inakunywa. Ishu ni kwamba mwanga ukigonga molekuli elektroni inaruka inaacha pengo nyuma, na inataka kurudi palepale, ikirudi umeambulia joto basi. Jani linaipokezana fasta molekuli kwa molekuli mpaka inafika mbali inashindwa kurudi kirahisi. Pale chuo kikuu cha Arizona State, Marekani, Devens Gust na wenzake Thomas na Ana Moore miaka ya 80 waliunda molekuli ya vipande vitatu: katikati porfirini ambayo ni ndugu wa klorofili, upande mmoja kwinoni inayopenda kupokea elektroni, upande mwingine karotenoidi, jamii ya ile rangi ya karoti. Mwanga unapiga katikati, elektroni inakimbilia kwinoni, karotenoidi inatoa yake kuziba pengo, chaji mbili zinabaki ncha mbili tofauti.

Halafu kuna maji, na hapa ndo watu wanazeeka. Kupata oksijeni lazima ung'oe elektroni 4 kwenye molekuli 2 za maji, wakati chembe moja ya mwanga inasukuma elektroni moja tu, kwa hiyo lazima uzikusanye. Jani lina kifundo cha atomu 4 za manganizi na 1 ya kalisi kinakusanya chaji moja moja mpaka zitimie, umbo lake Wajapani walilipata vizuri 2011. Ukitaka la juzi juzi, 2025 kundi la Oliver Wenger kule Basel, Uswisi, lilitoa molekuli ya vipande vitano, mwanga wa kwanza unapata chaji chanya moja na hasi moja, wa pili zinakuwa mbili mbili. Na haikuhitaji leza kali mno kama majaribio ya nyuma, mwanga hafifu zaidi unatosha. Hii mimi imenikosha.

FundiMbishi
Sawa wataalamu ila uimara je? Jani lenyewe kwenye jua kali protini ya D1 inaungua na kubadilishwa karibu kila nusu saa, lina mafundi wake humohumo ndani. Molekuli yenu ya maabara ikiungua nani anaikarabati? Na vichocheo vingi vizuri vya kuharakisha kupasua maji ni vya rutheniamu, hiyo metali bei yake usiulize. Mimi nabaki na paneli zangu.

MamaMaabara
@FundiMbishi hapo kwenye uimara nakuunga mkono. Ndo maana kichocheo cha kobalti na fosfati cha mkemia Mmarekani Daniel Nocera, 2008, kilivuma, kinajirekebisha chenyewe kwenye maji na kobalti si ghali kama rutheniamu.

Redoksi_Inanitesa
Asanteni sana. Kwa hiyo hiyo molekuli ya Basel tayari inatoa mafuta kama haidrojeni? Na kwa projekti ya chuo naanzia wapi?

Elektroni_Huru
Haitoi, inakusanya chaji tu, kuiunganisha na kichocheo ni kazi nyingine. Wewe anza na seli ya jua inayotumia rangi, ya aina ya Grätzel, ya 1991. Inatoa umeme sio mafuta, ila elektroni inaruka kutoka kwenye rangi vilevile. Chukua unga mweupe wa titani dioksidi, upake kwenye kioo, uchome, uloweke kwenye juisi ya rozela, kioo cha pili pakaza penseli, katikati dondoshea ayodini ya maabara iliyochanganywa na ayodaidi. Ukipata voti 0.4 juani umefaulu. Kioo tu ndo kitakusumbua, lazima kiwe cha kupitisha umeme, cha dirishani hakifai, kaombe maabara ya fizikia.

Redoksi_Inanitesa
Rozela ipo hapa getini, jumatatu naenda kuulizia kioo.