Mrejesho: tochi ya mfukoni, nimechukua ya betri ya AA

Aksanti sana, wakubwa. Niliuliza tochi ndogo, ngumu, ya kutembea nayo kila siku hapa Goma: ya kuchaji kwa USB au ya betri?

Nimechukua ya alumini, ya betri moja ya AA. Umeme ukikatika, AA naipata hata kwenye vibanda vya Birere. Ile ya 18650, betri ya lithiamu ya kuchaji, uitafute. Kawaida natia ya NiMH ya kuchaji. Za alkali ni za dharura tu, nazitoa mara moja, maana zikisahaulika ndani huvuja na kula shaba ya chini inayogusana na betri.

Lumeni (kipimo cha mwanga) 150 zinatosha kuona mawe ya lava usiku njia ya Majengo. Wale wa lumeni elfu, sijui mnamulika nini, ziwa?

Aliyesema nilegeze kifuniko kidogo isijiwashe mfukoni: umenisaidia mno. Nyuzi zake za kuskrubu zina utando usiopitisha umeme, kwa hiyo robo mzunguko tu inakata. Na imeandikwa IPX8, yaani haiingii maji hata ikizamishwa; mvua angalau imeshaipiga vizuri.

Klipu ndiyo mbovu. Inachomoka nikipanda moto (pikipiki). Kuna mtu amewahi kuibadilisha?