Hivi "ndugu" ilianza lini kumaanisha mtu asiye ndugu yako?

kiti_cha_dirishani:
Wakuu, jana niko kwenye daladala meseji ikaingia, "Ndugu mteja, deni lako…" nikacheka peke yangu mpaka konda akanigeukia. Marehemu babu alikuwa anaita kila mtu ndugu, muuza maziwa ndugu, katibu kata ndugu, na alikuwa anamaanisha kabisa. Siku hizi nikisikia ndugu najua nadaiwa au kuna mtu kakasirika. Neno limefikaje huku?

mzee_wa_kahawa:
Kijana, ndugu mwanzo ni wa damu, mliozaliwa tumbo moja au ukoo mmoja basi. TANU, chama kilicholeta uhuru wa Tanganyika, wakalichukua wakalitanua, ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja", tumeikariri sana shuleni tumepanga mstari. Baada ya Azimio la Arusha 1967, lile la ujamaa, ndo likashika hasa, mkurugenzi ni Ndugu na mfagizi ni Ndugu, Bwana ikawa inanukia ukoloni. Ila msidhani ilikuwa peponi, bosi wangu wa enzi hizo ukimwita ndugu huku umekaa utaitafuta kazi nyingine.

bibi_kamusi:
Mzee kamaliza, naongeza tu. 1991 likaja Azimio la Zanzibar, viongozi wakaruhusiwa kuwa na hisa na nyumba za kupangisha, mwaka uliofuata vyama vingi, na Mheshimiwa naye akatamba. Sijui kama kuna aliyetoa amri, watu walisoma upepo tu. Leo diwani umwite ndugu, ananuna. Angalieni kadi za michango ya harusi pale kwenye nukta nukta za jina, Prof/Dr/Mh/Bw & Bi/Ndg, Ndg anakaa mkiani kama abiria aliyechelewa 😂

mtu_wa_likoni:
Huku Kenya halikupitia chamani hivyo, ndugu ni wa damu ama wa kanisani. Mbunge ni mhesh, na huyo tunamwita hivyo tukitaka kitu.

kiti_cha_dirishani:
@bibi_kamusi nimeenda kuchungulia kadi iliyoko juu ya friji, ni kweli tupu! Wamekata zote wameniachia Ndg, na kiasi wameshanijazia. Bwana harusi mwenyewe mtoto wa baba mdogo, tumelala kitanda kimoja mpaka darasa la saba.