Analaiza za moshi wa boila: hewa ya kawaida, mitungi au Nairobi?

FundiBoila_Jinja
Wakuu, habari za kazi. Boila yetu hapa Jinja inachoma makapi ya miwa. Kwenye bomba la moshi kuna analaiza (vyombo vya kupimia gesi) mbili: ya oksijeni, sensa yake zirkonia (kauri inayohisi oksijeni), na ya kaboni monoksidi (CO) ya infraredi (hupima gesi kwa mwanga usioonekana). Bosi anataka nichague njia moja ya kuzisawazisha (kurekebisha usomaji kwa gesi ya kiwango kinachojulikana): hewa tu, mitungi ya gesi sanifu, au kuzifungua na kuzipeleka Nairobi mara moja kwa mwaka. Halafu kengele: ijizime yenyewe au ingoje mtu? Karibuni.

MamaVipimo
Kaka, hizo mbili usizitie kapu moja. Zirkonia hulinganisha moshi na hewa ya nje, kwa hiyo hewa safi na kavu, asilimia 20.9, yatosha upande wa juu wa kipimo. Ila isiwe ya kompresa inayovuja mafuta. Sensa ina joto la kama nyuzi 700, mvuke wa mafuta utaungulia hapo hapo na kula oksijeni, nawe utasoma chini.
Upande wa pili tafuta mtungi wa nitrojeni yenye oksijeni kidogo, tuseme asilimia 2. Nitrojeni tupu haifai, sensa hii haina sifuri ya kweli.
Kwa CO, hewa safi hukupa sifuri tu. Bila mtungi, upande wa juu unabahatisha.

Mzee_Tororo
Nairobi naipinga kabisa. Infraredi huona molekuli zilizomo chemba, na hizo hufuata shinikizo la hewa. Nairobi ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, Jinja ni 1,100 na ushei. Analaiza isiyo na fidia ya shinikizo ikisawazishwa kule, huku itasoma CO juu kwa kama asilimia 5.
Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba fundi wa mezani anapima chombo, hapimi njia ya moshi. Mtego wa maji ukivuja au kiungo kikilegea, pampu inavuta hewa ya nje: oksijeni inapanda, CO inashuka, na wewe unashangilia mwako mzuri! Peleka gesi ya mtungi hadi kwenye probu (mrija unaochota moshi), ipite chujio, kipozeo na bomba zote. Kisha ipeleke moja kwa moja kwenye chombo. Usomaji ukitofautiana, acha skrini, tafuta uvujaji.

Kasese_Umeme
Nakubaliana na Mzee. Nyongeza: CO ya ppm (sehemu kwa milioni) chache iagize kwenye mtungi wa alumini, ndani ya chuma huwa haitulii. Soma cheti, tarehe ya mwisho ikipita usiutumie.
Kengele, mimi nasema zote zingoje mtu.

MamaVipimo
Hapana ndugu yangu. Makapi mabichi yakiingia, CO ya bombani hupanda na kushuka kila mara. King'ora kikingoja mtu kila safari, vijana wa zamu watakiziba kwa kitambaa. Hiyo ijizime, lakini weka ucheleweshaji wa sekunde 30 au 60, na izimike chini kidogo ya pale ilipowakia. Inayongoja mtu ni ya CO ya ndani ya chumba cha boila, maana hiyo inaua.

Kasese_Umeme
Sawa, kwa bombani nimekubali. Rilei (swichi ya umeme ya kengele) basi: iwe imevutwa wakati wa salama, ili umeme ukikatika au waya ukikatwa, kengele ilie. Mkondo wa 4–20 mA (miliampia) unaoleta usomaji wa analaiza ukishuka chini ya 3.6, mfumo useme hitilafu, usiseme sifuri.

FundiBoila_Jinja
Na wakati wa kusawazisha? Mara ya mwisho gesi ya mtungi iliamsha king'ora kiwanda kizima.

Mzee_Tororo
Shikilia ishara (usomaji ubaki ulipo) kabla hujafungua mtungi, lakini kwa saa inayoiachia yenyewe. Ukiishikilia kwa mkono utaenda chai ukasahau, na boila itaendeshwa kwa namba ya jana. Mwambie bosi anunue mitungi miwili, wa CO na wa oksijeni ya asilimia 2, na regyuleta safi kwa kila mmoja.