Naombeni ushauri: nimerudi kusoma Neno kila asubuhi, sasa naambiwa niache dawa na nitoe ushuhuda

Mleta uzi: Binti wa Rungwe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mzaliwa wa Rungwe, na kwa sasa ninaishi Dar es Salaam. Nililelewa katika Kanisa la Moravian, katika nyumba ambayo chai ya asubuhi haikumiminwa kabla baba hajasoma maandiko ya siku. Miaka sita iliyopita nilifiwa na mwanangu wa kiume akiwa na miaka tisa, baada ya kuugua kwa miezi minne. Siku ya kuanua matanga, mtu mmoja niliyemheshimu sana katika kikundi cha maombi alisema mbele ya waombolezaji kwamba mtoto angepona kama mama yake asingekuwa na mashaka moyoni. Sikumjibu. Nilirudi mjini, na tangu hapo sikuingia kanisani ila kwa harusi na misiba ya watu.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Tulipogawana vitu vyake, dada zangu walichukua vitenge na vyombo, nami nikabaki na rundo la vijitabu vya maandiko ya kila siku, kila mwaka na chake, vikiwa vimefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilitafuta kile cha mwaka wa msiba wangu. Pembeni mwa tarehe iliyofuata mazishi, mama alikuwa ameandika kwa penseli: "Nimesoma. Sijaelewa." Siku ya pili yake aliandika, "Nimesoma." Akaendelea hivyo kwa majuma matatu, mpaka tarehe moja alipoandika "Mvua", bila neno jingine. Nilikaa sakafuni nikalia kwa namna ambayo sikuwahi kulia tangu siku ya mazishi.

Tangu wakati huo ninaamka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kuwahi daladala, ninasoma andiko la siku kwa sauti ndogo na kuandika mstari mmoja katika daftari. Usingizi umerudi, na nimeanza tena kuomba, ingawa maombi yenyewe ni mafupi. Lakini pia, tangu miezi mitano iliyopita, ninatumia dawa za sonona nilizoandikiwa hospitalini. Juzi andiko la siku lilitoka Zaburi ya 103, penye maneno "akuponya magonjwa yako yote", na dada yangu mkubwa anasema hilo ni jibu la wazi, kwamba niache dawa na Jumapili nisimame kutoa ushuhuda. Mimi nasita. Tena lipo jambo la aibu: kila nikifika Marko 5:34, Yesu anapomwambia mwanamke aliyepona, "Binti, imani yako imekuponya", ninafunga kitabu, kwa sababu ninaisikia sauti ya yule mtu wa matanga. Je, anayeruka mstari namna hiyo amerudi kweli katika imani?

Mchungaji Mstaafu

Binti yangu, pole kwa mwanao na pole kwa mama. Nimelitumikia kanisa hilo hilo, kwa hiyo niruhusu nianze na kijitabu chenyewe. Desturi hii ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, wakati Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa huko, alipowapa waumini neno moja la kushika siku nzima, nalo likapelekwa nyumba kwa nyumba. Kuanzia mwaka 1731 likawa linachapishwa. Hadi leo mistari ya Agano la Kale hupatikana huko huko kwa kura ya kuokota, miaka kama mitatu kabla ya mwaka wenyewe, kisha hutafutwa mstari wa Agano Jipya wa kuandamana nao. Mstari uliousoma juzi ulikwisha kuchaguliwa kabla wewe hujaandikiwa dawa yoyote, na asubuhi hiyo hiyo ulisomwa na watu wa nchi nyingi, wazima kwa wagonjwa. Ninaamini kabisa kwamba Mungu anaweza kusema na mtu kwa njia hiyo, na amesema nami mara nyingi. Hata hivyo andiko la siku si bao la mganga, kwamba ulifungue likupe amri ya jambo ambalo halikulitaja.

Kuhusu Marko 5, usome sura nzima siku utakapoweza, nawe utamwona Yairo. Binti yake anakufa wakati yeye yuko njiani pamoja na Yesu, na watu wanamwambia asimsumbue tena mwalimu. Je, Yesu anamlaumu? Anamwambia asiogope. Mtoto mwenyewe hakuonyesha imani yoyote, kwa kuwa alikuwa amelala mauti, na alipoinuka jambo lililoagizwa ni kwamba apewe chakula. Yule aliyekusimanga matangani alichukua neno ambalo mama mmoja aliambiwa kwa upole, akalifanya fimbo ya kumpigia mama mwingine. Umefunga kitabu kwa sababu ya fimbo, si kwa sababu ya neno.

Muuguzi wa Zamu

Dada, pole sana. Nimefanya kazi katika wodi ya afya ya akili kwa miaka kadhaa, na mimi ni Mkristo. Tafadhali usiache dawa hizo ghafla. Zipo ambazo zikikatwa kwa mara moja huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na wasiwasi mkubwa, na mgonjwa au ndugu zake huweza kudhani kwamba ni shambulio la shetani, kumbe ni mwili umenyang'anywa kitu ulichokuwa umekizoea. Tena kujisikia vizuri siyo dalili kwamba kazi ya dawa imekwisha. Kwa kawaida madaktari hushauri mgonjwa aendelee nazo kwa miezi sita au zaidi baada ya kupata nafuu, kisha dozi ipunguzwe kidogo kidogo chini ya uangalizi. Peleka swali hili kwa daktari wako, umweleze pia kuhusu kusoma na kuomba kwako, kwa kuwa ni sehemu ya maisha yako anayopaswa kuijua.

Ukipenda kumjibu dada yako kwa Maandiko, mwonyeshe Isaya 38. Mfalme Hezekia, aliyekuwa mgonjwa, alikwisha ahidiwa kuongezewa miaka kumi na mitano, na bado nabii aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu uwe dawa.

Askari wa Maombi

Mimi natofautiana nanyi kidogo. Tumekuwa watu wa kuogopa sana. Mtu akiona Mungu ametenda, ashuhudie, maana ushuhuda unaofichwa unawanyima wengine tumaini. Sisemi aache dawa, hilo la daktari nimelikubali, ila kusimama kanisani kuna ubaya gani?

Binti wa Rungwe

Ndugu, ubaya ninaouogopa ni huu: nikisimama, nitatakiwa kusema kwamba nimepona. Na mama fulani atakuwa ameketi nyuma, mwanawe yuko wodini.

Askari wa Maombi

Hapo umenigusa. Sikuwa nimemfikiria huyo mama.

Mkatoliki wa Bukoba

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba nami nichangie, ingawa kwetu utaratibu ni tofauti kidogo, kwa kuwa tunafuata masomo ya Misa ya kila siku, yale ya Jumapili yakizunguka kwa miaka mitatu na ya siku za kawaida kwa miwili. Faida niliyoiona ni kwamba sichagui. Nilipofiwa na mume wangu nilikuwa nikijichagulia zaburi za faraja tu, na baada ya muda zikawa kama chai iliyozidi sukari. Siku moja nikakutana na Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila hata mstari mmoja wa kushukuru mwishoni. Ilinisaidia kuliko rambirambi zote nilizopokea. Mtu aliyeandika "Nimesoma. Sijaelewa" angekubaliana na mtunga zaburi huyo.

Juu ya kuruka mstari, dada yangu, mimi niliruka habari za mjane wa Naini, ambaye Yesu alimfufulia mwanawe, kwa muda wa mwaka mzima. Ukikosa siku, vilevile, usirudi nyuma kusoma viporo vya siku tano kwa pamoja kama mtu anayelipa deni la duka. Anza na tarehe ya leo.

Mchungaji Mstaafu

Ninaongeza jambo moja ambalo nililipita haraka. Nimesema neno lilipelekwa nyumba kwa nyumba, maana yake lilifika mlangoni pamoja na mtu. Wewe unasoma peke yako saa kumi na moja alfajiri, na kwa sasa inatosha, lakini je, hakuna mmoja unayeweza kumpigia simu baadaye na kumwambia ulichosoma? Asiwe mtu wa kukusahihisha. Atakayekuuliza tu kama umekunywa chai anafaa.

Binti wa Rungwe

Nimerudi kuwashukuru, na kueleza nilipofikia. Nilikwenda kliniki Jumatano. Daktari amesema tuendelee na dozi ile ile, tutazungumza tena baada ya miezi mitatu, na alipouliza ni nini kimenisaidia kulala nilimwonyesha daftari. Alilifungua, akasoma ukurasa mmoja, akanirudishia bila kusema kitu. Jioni nilimpigia shangazi yangu wa Tukuyu, ambaye naye hukisoma kijitabu hicho hicho. Tumekubaliana kupigiana kila siku saa moja usiku, ingawa jana tulizungumza zaidi habari za mbuzi wake.

Ushuhuda nimeuahirisha. Nilimweleza mzee wa kanisa wa mtaa wetu, naye akaniuliza kama ninaweza kusoma somo la kwanza Jumapili ijayo, kusoma tu, bila maelezo. Nimekubali. Dada yangu hajafurahi, ila amesema atakuja.

Marko 5:34 bado sijausoma kwa sauti. Leo nimefika mstari wa 33.