Majirani wa Block C: Nani amekula PE (lesoni ya michezo) ya watoto?

*Jumanne jioni*

Mama Tasha: Majirani hamjambo. Nani mwingine amepata barua kwenye dayari leo? "Gredi ya 6 haitakuwa na PE hadi mtihani uishe. Muda huo utatumika kwa marudio. Mwenye swali apige simu ofisini." Nimepiga. Haishikwi.

Baba Brayo: Tumeipata. Mimi sioni shida hapo, Mama Tasha. KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, iko mlangoni. Wiki chache bila kukimbiakimbia haziui mtu.

Mama Tasha: Wiki chache? PE yenyewe hawajaiona tangu muhula uanze! Traksuti ya Tasha iko vile ilitoka dukani. Tuliambiwa ni lazima tununue, tukanunua, sasa inakaa kwa kabati.

Kevo 3A: 😂😂 traksuti ya maonyesho

Mwalimu Odhiambo: Salamu kwenu. Niseme kidogo, kwa sababu mimi niko upande ule mwingine wa dawati, ingawa si shule hiyo yenu. Barua ni uungwana. Kwingi PE huliwa kimyakimya. Mwalimu wa hesabu anaomba lesoni moja "ya kumalizia mada". Wiki ya pili haombi, anaingia tu. Wiki ya tatu watoto wenyewe wanatoa vitabu vya hesabu bila kuambiwa.

Baba Brayo: Na wewe mwalimu wa michezo unanyamaza?

Mwalimu Odhiambo: Mwenye ratiba ni mkuu wa shule, na mkuu wa shule anaulizwa alama. Hakuna mzazi amewahi kuja ofisini kuuliza mtoto wake anaruka umbali gani. Mnakuja na ripoti kadi mkononi.

Mama Tasha: Hapo umetupata.

Baba Brayo: Hajanipata. Mimi nalipa karo ili asome. Kucheza ni bure, anaweza kuchezea hapa nyumbani.

Sista Halima: Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma kutoka juu. Jamani, tuweke kipimo mezani kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kujishughulisha mpaka pumzi ipande. Na angalau siku 3 kwa wiki yawemo mazoezi makali na ya kukaza misuli na mifupa: mbio za kasi, kuruka kamba, kupanda na kuning'inia.

Baba Brayo: Dakika 60 kila siku? Na hesabu isomwe saa ngapi, saa nane usiku?

Sista Halima: Baba Brayo, fanya hiyo hesabu unayoipenda. Lesoni ya Gredi ya 6 ni dakika 35. Toa za kubadilisha nguo. Toa za kupanga mistari. Toa za kumtafuta mwenye ufunguo wa stoo ya mipira. Mtoto akitoa jasho dakika 15, siku hiyo imekuwa nzuri. Kwa hivyo hata wakirudisha PE yote, kwa dakika 60 bado sana. Zilizobaki lazima zitoke mahali pengine, na ndipo nauliza: wapi?

Mama Tasha: Basi la shule linamchukua Tasha saa kumi na moja na dakika arobaini asubuhi. Linamshusha hapa geti saa kumi na mbili jioni, ameketi kwa foleni ya magari ya barabara ya Outering karibu saa nzima. Anaoga, anakula, homuweki mpaka saa tatu. Mniambie ni wapi.

Mwalimu Odhiambo: Na sheria iko wazi, nawaambia. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015: shule za kutwa, masomo ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu. Kisha saa tisa na nusu hadi saa kumi na dakika arobaini na tano ni za michezo na vyama. Hizo dakika 75 zimetengwa tayari! Mtoto angerudi nyumbani amechoka vizuri.

Mama Tasha: Kwetu hizo dakika 75 zinaitwa "remedial", yaani masomo ya ziada, na tunazilipia.

Baba Brayo: Wote mnaongea kama watoto hawachezi. Brayo anacheza mpira kila siku.

Kevo 3A: Kwa simu yako, Baba Brayo. Juzi alinipiga 5 kwa 1 😂

Baba Brayo: _Ujumbe huu umefutwa_

Kevo 3A: Tuliuona

Mwenyekiti Mutiso: Kevo, heshima. Hili ni kundi la wazazi pia.

Baba Brayo: Tuwe wakweli basi. Brayo ana pumu. Akikimbia kwa vumbi la uwanja wao, usiku ni mimi naamka. Wengine mnaona nachukia michezo.

Sista Halima: Hapo nakuelewa kabisa. Lakini mwenye pumu pia anatakiwa acheze, na pumu ikidhibitiwa vizuri anacheza kama wengine. Pampu yake iwe kwa mwalimu anayesimamia, isifungiwe ofisini. Kama daktari alisema apulize kabla ya kukimbia, apulize. Siku ya vumbi jingi au mafua, apumzike. Mlete kliniki tuangalie anavyoitumia hiyo pampu, wengi huishia kupuliza kwenye ulimi.

Baba Brayo: Sawa Sista. Nitamleta.

Sista Halima: Na ile miwani aliyoanza kuvaa mwaka huu, tukiwa hapo hapo. Kule Guangzhou, Uchina, watafiti waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Matokeo yalichapishwa 2015. Baada ya miaka 3, waliopata shida ya kutoona mbali walikuwa 30.4% kwa wale waliotolewa nje, na 39.5% kwa wale walioachwa na ratiba ya kawaida. Hapo si lazima mpira, ni kuwa nje kwenye mwanga. Miwani ya Brayo haitavuliwa kwa sababu hiyo, ila kadogo kake bado kana nafasi.

Mama Nuru 2C: Naomba nami niseme kitu, huwa nasoma tu. Nyinyi mnalia PE imefutwa. Nuru wangu, mnajua mguu wake, hajawahi kuwa nayo hata ilipokuwepo. Wenzake wakienda uwanjani anaambiwa akae chini ya mti ashike masweta. Darasa zima. Anarudi nyumbani ananiambia, mama leo nilishika masweta thelathini na nane.

Mama Tasha: Aki Mama Nuru. Pole sana. Tasha hajawahi kuniambia.

Mama Nuru 2C: Watoto wanaona ni kawaida.

Sista Halima: Si kawaida. Mwongozo ule ule unawataja watoto wenye ulemavu, na kipimo chao ni kile kile, dakika 60. Hakuna mahali wameandikiwa masweta.

Mwalimu Odhiambo: Mama Nuru, hili naomba ulilete kwangu kando nikuandikie mambo ya kumpelekea mwalimu wake. Voliboli ya kuketi inawezekana kwa kamba na mpira mmoja, na darasa zima linakaa chini, si Nuru peke yake. Kurusha na kudaka. Kulenga shabaha. Mashindano ya mikono wanapenda ajabu. Haihitaji pesa, inahitaji mtu afikirie dakika mbili kabla ya kupuliza filimbi.

Mama Nuru 2C: Mpira wa kurusha anauweza sana. Anawashinda binamu zake. Ni masweta hayawezi tena.

Baba Brayo: Mama Nuru, hiyo hata mimi imeniuma. Mwalimu, lakini niulize: baadaye inamsaidia nini mtoto, hii michezo? Si wote watakuwa Kipchoge.

Mwalimu Odhiambo: Si wote watakuwa wahandisi pia, na hesabu tunawafundisha wote. Halafu mambo yamebadilika mzee. JSS (sekondari ya chini) kuna somo la Sanaa Bunifu na Michezo, na senior school (sekondari ya juu) kuna njia 3 za masomo, moja ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Huyo Brayo akitaka kuifuata, mtamtoa wapi ikiwa tangu Gredi ya 4 PE yake imekuwa hesabu?

Kevo 3A: Shosho wa Ground ametuma sauti ya dakika mbili. Nimeiandika kwa wale hawana bando:

"Wajukuu wangu, mimi hukaa dirishani mchana kutwa, kwa hivyo naona. Wavulana wakitoka shule wanapiga mpira katikati ya magari mpaka Musa keriteka awafukuze. Wasichana hawafukuzwi, kwa sababu hawatoki. Wale wa miaka saba wanaruka blada hapo kwa ngazi. Wakifika kumi na moja, kumi na mbili, nawapoteza. Mmoja ametumwa dukani, mwingine ana mtoto mgongoni, mwingine ameambiwa ashakuwa mkubwa aache kurukaruka mbele ya wanaume. Hayo mtaandikia shule gani barua? Na lile bango la Hakuna Kucheza Mpira Hapa liliwekwa na nani? Si mwalimu mkuu. Mutiso, si ni wewe?"

Mama Tasha: 🙆🏾‍♀️🙆🏾‍♀️ Shosho!

Sista Halima: Shosho ameona kwa dirisha yale watafiti wameona kwa dunia nzima. Takwimu za 2016, vijana wa miaka 11 hadi 17 wasiofikisha kile kipimo: wavulana 78%, wasichana 85%.

Mwenyekiti Mutiso: Shosho shikamoo. Bango ni kikao kiliamua, si mimi. Vioo viwili vya magari vilipasuliwa na mwenye kupasua hakujulikana mpaka leo.

Kevo 3A: 👀

Mwenyekiti Mutiso: Kevo nitakutafuta.

Kevo 3A: Mwenyekiti, kabla unitafute, nina wazo. Ule upande wa tangi unaingia magari sita tu. Jumamosi na Jumapili, saa mbili hadi saa nne asubuhi, yatolewe. Mimi na Mwalimu tunasimamia. Mpira wa plastiki, haupasui kioo. Nusu saa ya kwanza ni kati (ule mchezo wa kurushiana mpira na kukwepa) na blada, kila mtu anacheza pamoja, hakuna wavulana kuteka uwanja. Nuru ndiye mrushaji wa kwanza wa kati.

Mama Nuru 2C: Atakuwa huko saa moja na nusu 😊

Mwalimu Odhiambo: Niko. Na siku za wiki, wale wa shule za hapa karibu ambao wanafika saa kumi, Musa awaache mpaka saa kumi na moja na nusu. Magari mengi bado hayajarudi saa hiyo.

Baba Brayo: Probox yangu hulala upande wa tangi. Niitoe niipeleke wapi Jumamosi asubuhi? Nikiiacha barabarani nitakuta wameifunga mnyororo.

Mama Tasha: Iweke kwa nafasi yangu. Mimi sina gari, nafasi nalipia bure tu.

Baba Brayo: …Sawa. Lakini Brayo anamaliza marudio ya hesabu kwanza.

Mama Tasha: Saa moja hadi saa mbili anamaliza. Na ile barua ya shule? Nimeanza kuandika lakini imekuwa kali.

Mwalimu Odhiambo: Usiandike kwa hasira, watakuwekea kwa faili. Andikeni wazazi wengi pamoja, ombeni mambo mawili tu. Moja, PE irudi, hata ikiwa fupi, kila siku dakika 20 kabla ya marudio, maana mtoto akitoka kukimbia anaketi akasikiliza. Mbili, dayari iwe na mahali mwalimu anaandika kama PE ilifanyika. Hiyo ya pili ndiyo yenye meno.

Mama Nuru 2C: Na ya masweta.

Mwalimu Odhiambo: Na ya masweta. Iwe ya kwanza, kwa kweli.

Mama Tasha: Naandika upya. Nani anatia sahihi? Mimi, Mama Nuru, Sista Halima…

Baba Brayo: Niweke. Jina langu liwe chini kabisa.

Musa Keriteka: Habari za jioni wakubwa. Nimesoma yote. Sasa hilo bango niling'oe ama nilifunike?

Mwenyekiti Mutiso: Funika kwanza Musa. Kikao ni tarehe tano.