Kaharabu au sandarusi? Naomba ushauri kabla sijalipa

Mwana wa Mkunazini
Assalaam alaykum. Kuna tasbihi ya punje 33, rangi ya asali, muuzaji wa Mji Mkongwe anasema ni kaharabu (utomvu wa miti uliogeuka jiwe zamani za kale) ya Baltiki, Ulaya. Nachelea isije ikawa sandarusi, utomvu mchanga zaidi. Ana na kipande ghafi kikubwa kama yai, kina mdudu ndani na nyufa nyembamba juu. Punje nikizisugua kwa kitambaa cha sufu zinavuta vijikaratasi. Yatosha hayo? Amekubali vipimwe, ila visiharibike.

Fundi Vito
Waalaykum salaam. Hayatoshi, plastiki nyingi nazo zinavuta. Anza na maji ya chumvi: robo lita ya maji, chumvi gramu 50 (vijiko vya chai 8 vya kusawazisha), koroga mpaka iyayuke yote. Fumua uzi, toa kishada na chuma chochote. Ukitia punje, zitikise humo majini, kwani hewa iliyonasa tunduni huielesha hata ya kuzama. Pima zote 33, maana huchanganywa.

Bakelaiti (plastiki ngumu ya kizamani) na kioo vitazama. Kaharabu itaelea, lakini sandarusi nayo huelea, na polistireni, plastiki nyepesi, pia. Kwa hiyo iliyozama imeshajulikana, iliyoelea bado ina kesi. Suuza kwa maji matamu, ukaushe.

Na usidanganywe na ukongwe. Bakelaiti ipo tangu 1907, na tasbihi nyingi nyekundu za wazee ni hiyo.

Bi Wete
Zilizoelea zipeleke kwenye asetoni, dawa ya kutolea rangi ya kucha, ndipo penye hukumu. Chovya ncha ya pamba, gusa mdomo wa tundu la punje, ngoja nusu dakika, bonyeza kwa kidole. Ikinata au ikafifia mng'ao, ni sandarusi au polistireni. Kaharabu haitikisiki. Angalia chupa vizuri, dawa nyingine za kutolea rangi ya kucha hazina asetoni kabisa. Na kama punje imepakwa vanishi, itakayonata ni vanishi. Futa, rudia pale pale.

Sasa hapa kwetu pana mtego. Sandarusi chakazi, inayotoka mtini, ni laini na hunata upesi. Ile ya kuchimbwa, iliyokuwa ikitoka Mrima, pwani ya bara, na kupitia Unguja kwenda viwanda vya vanishi vya Ulaya na Marekani karne ya 19, ni ngumu kuliko kopali (utomvu wa jamii ya sandarusi) nyingi za kwingine. Nusu dakika yaweza kupita isinate. Tia tone la pili, ngoja dakika nzima. Ghafi yake ikisafishwa udongo huonesha vipele vidogo vidogo juu. Hicho kipande kitazame kwa lenzi.

Mwana wa Mkunazini
Ahsante Bi. Na sindano ya moto? Na huyo mdudu?

Fundi Vito
Sindano usiiguse kwenye punje, inaacha kovu. Kwenye ghafi, chagua pembe iliyojificha. Plastiki hutoa harufu kali ya dawa, sandarusi hulainika mapema na hunukia kama ubani, kaharabu ina harufu ya utomvu wa msonobari. Badala ya moto mie napenda ncha ya kisu mdomoni mwa tundu: plastiki hutoa unyuzi unaojikunja, kaharabu na sandarusi hutoa unga.

Mdudu hathibitishi kaharabu. Sandarusi ya Afrika Mashariki imejaa mchwa wenye mbawa, sisimizi na nyuki wadogo wasiouma, na ni wa kweli. Wa kutilia shaka ni nge mzima aliyekaa katikati, miguu imepangwa. Huyo kamiminiwa plastiki.

Bi Wete
Nyufa za hicho kipande ghafi zaelekea sandarusi: mafuta yake yakiruka, ngozi ya juu hupasuka ndani ya miaka michache, na jua huharakisha. Kaharabu nayo hupasuka, ila kwa miongo mingi.

Ipo pia sandarusi iliyopikwa kwa joto na shinikizo, hiyo huvumilia asetoni. Ikiwa bei ni ya Baltiki kweli, dai cheti cha maabara cha kipimo cha infraredi. Kipande ghafi mwambie akuuzie kwa bei ya sandarusi, na neno "sandarusi" liandikwe kwenye risiti. Ni mali nzuri ikiuzwa kwa jina lake.