Mjadala: Je, Kezilahabi alitutupa mkono alipoandika Nagona?

Wadau, kila Euphrase Kezilahabi anapotajwa kuna hoja hii huzuka: kwamba mwandishi huyu wa Ukerewe alitupatia riwaya nne za kusomeka, Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), kisha akapotelea kwenye mafumbo. Mafumbo yenyewe ni Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba ambavyo mtu huvimaliza kwa siku moja asijue kimetokea nini.

Mimi nasema hakupotea. Tazameni alikotoka. Rosa anajiua. Kazimoto wa Kichwamaji, msomi anayerudi kijijini, anatafuta maana ya kuishi, anaikosa, naye anajiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo anaishia kuua mtu. Riwaya tatu mfululizo, na hakuna hata moja ambamo mhusika mkuu anapata pa kutokea! Hadithi yenye kijiji, mwaka na mfuatano wa matukio ilikuwa imemwishia majibu, ndipo akaivunja. Humo Nagona utakuta msafiri asiye na jina, mji uliohamwa, mifupa, na ukweli unaotafutwa bila kushikika.

Tena kelele hizi si mpya kwake. Diwani yake ya Kichomi ilipotoka mwaka 1974 na mashairi yasiyojali vina wala mizani, wanamapokeo walisema huo si ushairi kabisa. Leo mashairi huru yanafundishwa shuleni. Rosa Mistika nayo ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, baadaye ikarudi madarasani. Subirini tu.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Mkuu, hapo unachanganya mambo mawili. Rosa ilizuiwa kwa sababu ilieleweka! Kila mzazi aliyewahi kumcharaza bintiye kwa barua ya mvulana alijiona mle ndani, akakasirika. Nagona haimkasirishi mtu, maana nje ya chuo ni wachache mno wanaoifungua. Halafu angalia wakati wenyewe. Azimio la Arusha lilikuwa linazikwa, vyama vingi viko njiani. Mtu aliyeandika Gamba la Nyoka, akatuonyesha wanakijiji wanavyosukumwa kwenye Ujamaa, ndiye hasa tuliyemhitaji aseme kitu. Akatuletea falsafa za Wazungu. Shahada ya uzamivu aliichukua Wisconsin, Marekani, na inaonekana.

*Mwanzisha mada:*
La Rosa umenibana, nakubali. La Wisconsin sikupi. Mzingile imesimama juu ya Kakulu, mzee wa masimulizi ya Wakerewe, na msafiri anayekwenda kumtafuta. Huo ni utamaduni wa kwao, tena wa zamani kuliko riwaya yoyote ya Kiswahili. Bibi alipokusimulia ngano ya mtu aliyekwenda hadi kwa Mungu, ulimuuliza safari hiyo ilikuwa mwaka gani? Ulikaa kimya ukasikiliza.

Na kuhusu wakati, mimi naona alisema. Mji uliohamwa ndiyo picha ya nchi iliyoamini mambo makubwa kisha ikaamka yameporomoka. Hakutaja chama wala waziri, basi tukadhani anaongelea mbinguni. Angeandika riwaya nyingine ya viongozi wala rushwa, ingesomwa sana, na rafu zetu zingekuwa na kitabu kimoja zaidi kinachofanana na vingine kumi.

Kinachoniudhi mimi ni usomeshaji. Mwanafunzi anaambiwa ataje dhamira tano na ujumbe wa mwandishi, akiwa na kitabu kilichogoma kutoa hata ujumbe mmoja. Anakariri ya mwalimu, anafaulu, anakichukia maisha yote.

Anayebisha asome sura ya kwanza ya Nagona kwa sauti, bila kufungua uchambuzi wa mtu yeyote, kisha arudi hapa aseme kilichomshinda ni kipi: lugha, au kukosa wa kumwambia jibu.